Kikohozi Nyuma ya Ukuta

Sentensi ya kwanza ya Kiingereza niliyofutiwa na Mizani ilikuwa salamu.

Tulikuwa darasa la jioni, watu wazima watupu, wengine wametoka makazini na wengine mashambani, na mimi ndiye niliyekuwa na mvi kuliko wote, mwalimu akiwemo. Dokta Nshoma alituagiza kila mmoja aandike aya moja kueleza utafiti wake. Nikaandika kama nilivyolelewa. Niliwasalimu wasomaji, nikamshukuru Mungu aliyetuamsha salama, nikaeleza ninakotoka na ukoo nilikoolewa, ndipo nikaanza kulisogelea jambo lenyewe. Kioo cha Mizani, mashine ya chuo ya kukagua maandishi, kilichopachikwa kwenye dawati kikayasoma maneno yangu na kuyafifisha moja baada ya jingine, mpaka ikabaki sentensi ya mwisho peke yake katikati ya weupe.

"Mama Bupe," akasema Kanyika, karani wa mahakama aliyekaa nyuma yangu, "humo ndani umemsalimia nani? Maprofesa hawaitikii, mama yangu. Utasimama mlangoni mpaka kesho."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Dokta Nshoma akaja akainama kwenye dawati langu. Alikuwa na umri wa binti yangu wa kwanza, na alikuwa na tabia ya kuvua miwani anapotaka kusema jambo gumu.

"Mama, Kiingereza cha wasomi hakipigi hodi. Kinaingia na neno lake mkononi. Sentensi ya kwanza, sema unachodai. Zinazofuata, sema umejuaje. Na chochote ulichokipata kwa mwenzio, mtaje mwenzio."

Hilo la mwisho lilinigusa. Nilikuwa nimeogopa kwamba elimu ya juu ingenidai niache niliyoyashika kanisani, kumbe sheria yake ya kwanza ilikuwa usiibe. Hata ile desturi yao ya kusema "inaelekea" na "huenda", iliyowatesa wenzangu darasani, haikunipa shida. Mtu aliyezoea kutia "Mungu akipenda" mwishoni mwa kila mpango hapati tabu kukiri kwamba hajui yote.

Jioni ile, kabla ya kutoka, nilifumba macho palepale kwenye dawati nikasema, Bwana, nifundishe kuingia bila hodi na bila kiburi.

*

Utafiti wangu ulihusu hewa nzito.

Kwetu, kwenye miteremko ya mlima huu uliozimika, ardhi bado inapumua. Kuna vibonde ambako hewa hutoka chini ya mawe bila rangi wala harufu, na kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida hulala humo alfajiri, wakati wa baridi, kama maji yasiyoonekana. Kuku akishuka hapandi. Mbuzi akishuka hapandi. Serikali ilipachika vipimo kwenye vibonde vikubwa, lakini vidogo, kama kile kilichoko chini ya nyumba yetu, havimo kwenye ramani yoyote. Nilitaka kuandika jinsi watu wanavyoitambua hewa hiyo bila kipimo. Na yote niliyoyajua kuhusu hilo niliyapata kwa mtu mmoja, ambaye kwa miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kunisemesha.

Alikuwa baba mkwe wangu.

Vijana wa siku hizi hawaufuati tena mwiko wa wakwe, lakini sisi tuliufuata. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hakutani naye njiani, hatamki jina lake. Hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina lake huyakwepa. Kanisani kulikuwa na wimbo wenye neno hilo, na kila tulipolifikia nilifunga mdomo na kuwaachia wengine wanivushe. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, yake na yangu.

Basi mzee alizungumza na ng'ombe.

Zizi lilikuwa limeegemea ukuta wa jiko langu, ukuta wa mianzi na udongo. Asubuhi alipokuja kukamua, alimweleza Mawingu, ng'ombe wake, habari zote za dunia. Alisema kwa sauti kubwa kuliko ng'ombe anavyohitaji. "Mawingu, leo umekataa kuelekea bondeni, nami nakuelewa. Tazama moshi wa jikoni. Ukiona moshi hauendi juu, unateremka na kujilaza kibondeni kama maziwa kwenye bakuli, na nyenje wamenyamaza, basi hewa imelala. Asishuke mtu mpaka jua liguse jiwe lile jeusi." Moshi ulikuwa wangu. Niliutazama kwa mlango wa nyuma, nikaona ukifanya vilevile alivyosema.

Asubuhi moja nilikuwa nimeshika ndoo, mwanangu Bupe mgongoni, tayari kuteremkia chemchemi. Nikasikia upande wa pili, kwa nguvu: "Mawingu! Leo hashuki mtu!" Nikaitua ndoo. Jirani yetu alipoteza mbuzi wote asubuhi ile.

Na mimi, nilipotaka kutoka nje na yeye yuko karibu, au alipokuwa akisema jambo nisilostahili kulisikia, nilikohoa. Kikohozi kimoja tu. Papo hapo angekatisha maneno katikati na kuondoka. Hatukukubaliana hivyo. Ilikuja yenyewe, kama njia inavyotokea mahali watu wanapopita.

*

Alipofariki, alituachia Sauti.

Msomaji wa siku hizi anazijua. Mzee hufungwa kishikizo kwenye kola katika miaka yake ya mwisho, nacho hukusanya maneno yake, vicheko vyake na namna anavyosita kabla ya kujibu. Akishafariki, hayo yote hutiwa kwenye kijisanduku, na kijisanduku hujibu kama yeye. Mchungaji wetu hakuzipenda. Mimi niliomba sana juu ya jambo hilo, sikupata jibu, nikanyamaza kwa ajili ya mume wangu. Lugano alikuwa akikiweka kijisanduku cha baba yake barazani kila jioni baada ya kukamua, na wawili hao wakazungumza juu ya malisho na bei ya ndizi, wakabishana juu ya watu waliokwisha kufa. Nami nilikaa jikoni, nyuma ya ukuta uleule, nikisikiliza. Mwiko haukuisha kwa kifo.

Vyuo vilizipenda Sauti kwa sababu nyingine. Kabla yake kulikuwa na miaka ya vitabu hewa, mashine zilipoandika tasnifu kwa maelfu na kutaja vyanzo ambavyo havijawahi kuwako. Elimu nzima ilikaribia kuoza. Ndipo ikaundwa Mizani, ikapewa sheria moja: chanzo kisichoweza kuulizwa si chanzo. Ukitaja kitabu, Mizani hukifungua. Ukimtaja mtu aliye hai, humpigia simu. Ukimtaja marehemu, huiita Sauti yake.

Na kwa Sauti kuna sheria ya ziada. Sauti ikizeeka huanza kuota, kusema mambo ambayo marehemu hakuyasema, na familia zimewahi kugawana mashamba kwa ndoto kama hizo. Kwa hiyo Sauti ikitoa majibu mawili yanayopingana mbele ya Mizani, huzimwa. Hairudishwi.

Nilipofika kwenye orodha ya vyanzo, niliandika "baba wa mume wangu". Mizani ikakataa; ilitaka jina. Nikamwita Lugano aliandike yeye, nami nikageuza uso.

"Umekuwa msomi," akasema huku akibonyeza herufi, "na bado unamkimbia mzee."

"Simkimbii. Namheshimu."

"Haya. Nimemaliza. Geuka, hakuumi."

Jibu la Mizani lilikuja siku iliyofuata darasani. Kioo kilionyesha swali na jibu, neno kwa neno.

Je, ulimwambia Subilaga, mke wa mwanao, habari za moshi na hewa nzito?

Hapana. Sijawahi kusemeshana naye. Ni mkwe wangu. Mnaniuliza maswali gani haya?

Chini yake, kwa rangi nyekundu: chanzo kimekana.

Nyuma yangu Kanyika alianza kutania; nilipogeuka akaona uso wangu, akaacha.

*

"Kwa macho ya chuo," alisema Dokta Nshoma ofisini kwake, "umebuni chanzo. Ni kosa la kufukuzwa, mama." Alikuwa amevua miwani.

Nikamweleza habari za ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mzee amesema kweli na wewe umesema kweli."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mizani haina nafasi ya mtu aliyefundisha bila kusema na mwanafunzi." Akavaa miwani. "Kuna njia tatu. Ya kwanza, tuombe Sauti iulizwe upya. Akisema safari hii kwamba alikufundisha, majibu yamepingana. Unajua kitakachofuata."

"Najua."

"Ya pili, uiondoe sura ya tatu."

"Bila sura ya tatu hakuna tasnifu."

"Hakuna. Ya tatu..." Alitazama mlango. "Ya tatu nisingekuambia kama ningekuwa mwalimu mwema. Andika kwamba umeyaona mwenyewe. Umeishi pale miaka yote hii, moshi ni wa jiko lako. Mizani itakuuliza wewe, utasema ndiyo, itapita."

Nilirudi na njia hiyo ya tatu nyumbani kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kanga. Nikamwambia Lugano. Alicheka kwa furaha.

"Si ndiyo hiyo! Andika umeona wewe. Mzee hana kinyongo, nawe unabaki na shahada, mimi nabaki na baba. Mungu akupe nini tena, mama Bupe?"

"Sikuona mimi. Nilionyeshwa."

"Ulipoonyeshwa, hukuona?"

"Baba Bupe, kama asingesema, ningeteremka na ndoo. Na mtoto mgongoni. Leo nije niandike kwamba nilijua mwenyewe?"

Bupe sasa ni mama wa watoto wawili.

"Basi acha shule," akasema taratibu. "Nisamehe. Lakini kile kijisanduku ndicho nilichobakiwa nacho. Usimpeleke wakamuulize tena."

Nikasema, "Sitampeleka akaulizwe." Nikapiga magoti usiku ule na kesho yake. Sikuomba shahada. Niliomba nisiibe, na nisiue. Nikaamua kuiondoa sura ya tatu.

*

Sheria ya chuo ilitaka anayekiondoa chanzo aseme hivyo mbele ya jopo, na chanzo chenyewe kiwepo kikiwa macho, kisikie kwamba kimeachiwa. Hakiulizwi kitu. Ni adabu tu ya kisheria. Lugano alikibeba kijisanduku mwenyewe, amekifunga kwa kitenge kama mtoto.

Niliomba nigeuze kiti changu kuelekea ukutani. Mwenyekiti wa jopo, profesa mwenye sauti ya upole, alidhani ninaona haya. Dokta Nshoma akamnong'oneza, naye akakubali.

Nikasema nilichokuwa nimekiandaa, kwa Kiingereza changu cha darasa la jioni, nikaanza na dai lenyewe bila salamu: naiondoa sura ya tatu, kwa kuwa chanzo chake hakiwezi kuthibitishwa.

"Asante," akasema mwenyekiti, akahamia Kiswahili. "Kwa ajili ya kumbukumbu, mama, unakiri kwamba mzee huyu hakukuambia mambo haya?"

"Nakiri hakuniambia."

"Kwa hiyo uliyatunga."

"Sikuyatunga."

"Hakukuambia, hukuyatunga, na umetuambia hukuyagundua mwenyewe. Sasa yalitoka wapi? Tuandike kwamba ulisema uongo?"

Nilitazama ukuta. Ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa, na mahali fulani msumari ulikuwa umetolewa na kuacha tundu. Nikasema, "Andikeni mnavyoona."

Hapo nyuma yangu, kutoka mezani, nikasikia sauti ikisafisha koo.

"Mawingu," akasema baba mkwe wangu.

Lugano alisema, "Baba, hapana. Nyamaza, baba."

"Mawingu, simama vizuri. Unasikia wanavyomwita mwongo mama wa watu? Wewe ni shahidi yangu. Nilikuambia wewe habari za moshi, au sikukuambia? Ukiteremka na kujilaza kama maziwa kwenye bakuli. Nyenje wakinyamaza..."

Alikuwa ameanza, lakini bado hajafika kwenye neno la hatari. Alikuwa akizungumza na ng'ombe, na kumwambia ng'ombe hakupingani na jibu lake la kwanza. Mizani kwenye meza ya jopo ilikuwa bado inawaka rangi ya kijani. Nilijua anakoelekea. Nilikuwa nimemsikiliza miaka mingi mno nisijue.

Na nilijua kwamba nikikohoa, ataacha.

Kikohozi kilikuja. Kilipanda mpaka kikafika kooni na kukaa pale, tayari, kama kilivyozoea. Nilikuwa na muda. Nisiseme kwamba sikuwa na muda. Alipumzika kidogo kama alivyokuwa akipumzika anapohamisha ndoo, na katika kimya kile nilisikia Lugano akipumua, nami nikajua kwamba naye anangoja nikohoe.

Nikakimeza.

"...na yule mama wa upande wa pili wa ukuta," akasema mzee, "nilijua anasikia. Ungedhani napiga kelele kwa ajili yako, Mawingu? Wewe masikio unayo. Yeye ndiye niliyekuwa namfundisha. Mwanafunzi mzuri. Hajaniuliza swali la kijinga hata siku moja."

Mizani ikawa nyekundu.

Dokta Nshoma alikuwa tayari amesimama. Alisema majibu yote mawili ni kweli, akaeleza mwiko, akaeleza ukuta, akasema kwa Kiswahili na akarudia kwa Kiingereza. Mwenyekiti alimsikiliza kwa huzuni ya kweli. Alisema anaelewa. Alisema kuelewa kwake si kitu ambacho sheria inakiomba. Maneno ya mzee yamethibitisha sura ya tatu, nayo itarudishwa. Na kwa kuwa yamepingana na ya kwanza, Sauti itazimwa. Hakuna mkono unaoizima. Mizani huzima yenyewe.

"Mawingu," tulisikia, kwa mbali kidogo, "jua limegusa jiwe?"

Kisha hakukuwa na kitu mezani isipokuwa kijisanduku.

Njiani Lugano alitangulia. Tulipofika karibu na nyumbani, bila kugeuka, akasema neno moja.

"Hukukohoa."

*

Tangu siku ile hatukusemeshana. Aliniachia maziwa mlangoni, nami nikamwachia chakula mezani. Kitenge kilichofunga kijisanduku alikikunja akakiweka chini ya mto wake.

Nilimaliza tasnifu. Sura ya tatu ina aya zilizonyooka, kila moja inaingia na neno lake mkononi. Pale wasomi wanapoandika kwamba habari walipewa ana kwa ana, Dokta Nshoma na mimi tulitafuta sana namna ya kusema, na mwishowe tukaandika ilivyokuwa: alimwambia ng'ombe, mwandishi akasikia. Jina linalotangulia maneno hayo niliandika mwenyewe, herufi kwa herufi.

Niliomba msamaha kwa Mungu, na naamini nilipewa. Kwa Lugano sikujua niombe vipi. Kila nilipofungua mdomo mbele yake, alitoka nje.

Jioni tasnifu ilipopitishwa, Lugano alikuwa ndani, jikoni, akipasha chai yake mwenyewe. Nilizunguka nyumba nikaingia zizini. Sikuwahi kusimama upande ule wa ukuta wakati mtu yuko ndani. Mjukuu wa Mawingu alinitazama akicheua. Moshi wa jiko ulipenya kwenye mianzi na kupanda juu, mwepesi, bila hatari yoyote.

Nikaweka mkono kwenye mgongo wa ng'ombe. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko ng'ombe anavyohitaji.

"Mama, nimekuja kukueleza. Ningeweza kukohoa. Kilikuwa hapa kooni. Sikukimeza kwa ajili ya shahada, au labda kidogo, Mungu anajua, siwezi kujisafisha mbele yako. Lakini alikuwa amenifundisha maisha yangu yote ya ndoa na hakuwahi kunisikia nikimwita mwalimu, na yeye hakuwahi kusema kwamba nilikuwa mwanafunzi. Alikuwa anakaribia kulisema. Nami nilitaka kulisikia. Hilo ndilo kosa langu. Nilitaka kulisikia."

Ndani, kijiko kilisimama kwenye kikombe.

"Jina lake limo kwenye kitabu," nikamwambia ng'ombe. "Limo ukurasa wa kwanza wa sura ya tatu, na mwishoni kwenye orodha. Watu wa mbali watalisoma. Na kwa kuwa wao watalitamka, nami nitalitamka mara moja, hapa kwako, halafu nitarudi kwenye kimya changu."

Nilisubiri. Nilimpa mume wangu nafasi yote aliyoihitaji. Angekohoa, ningekatisha palepale na kuondoka, na nisingelisema tena mpaka kufa.

Kikohozi hakikuja.

"Ambokile," nikasema.

Upande wa pili wa ukuta, mtu mzima alianza kulia. Sikuondoka. Nilibaki pale na mkono wangu juu ya ng'ombe, nikaendelea kumsimulia, kwa sauti, habari zote za mzee tangu siku ile ya ndoo.